Sikukuu ya Mtakatifu Patrick: kula vizuri, ila iangalie sana ile chumvi

Kila ikikaribia tarehe 17 Machi sisi watu wa lishe tunaulizwa swali lile lile, hasa na ndugu zetu walioko Marekani na Ireland kwenyewe, kwamba wamealikwa chakula cha sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ile sikukuu kubwa ya Waairishi (watu wa Ireland), na wana presha au sukari, je waende au wabaki nyumbani? Nendeni jamani. Chakula cha Waairishi asili yake ni viazi, kabichi na maziwa, nyama ilikuwa kidogo tu, tena watu walitegemea viazi kiasi kwamba ugonjwa ulipovishambulia kuanzia 1845 walikufa kama milioni moja na wengine zaidi ya milioni wakahama nchi.

Sasa hao waliofika New York ndo wakakuta kidari cha ng'ombe cha chumvi kwenye mabucha ya Wayahudi, kwao walizoea nguruwe wa chumvi, wakahamia kwenye hicho kidari, na mpaka leo Mmarekani akisema chakula cha Patrick anamaanisha hicho kidari na kabichi. Hapo ndipo penye shida. Ile nyama imelala siku kadhaa kwenye maji ya chumvi, wakati WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kwenye mkate na siagi inahesabiwa humo humo. Alafu ni nyama ya kusindika, na tangu 2015 wataalamu wa saratani wa WHO wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Mara moja kwa mwaka siyo tatizo, tatizo ni kuigeuza ya kila wiki.

Ukiipika mwenyewe iloweke usiku kucha kwenye friji, badilisha maji, ichemshe kidogo umwage yale maji ya kwanza kisha weka mapya. Kabichi usiitumbukize humo, itanyonya chumvi yote, ipike pembeni dakika chache tu isilainike sana. Vipande viwili vya nyama vinatosha, sahani ijae mboga.

Colcannon mimi naipenda sana, ni viazi vya kuponda na kale (majani jamii ya sukuma wiki) au kabichi, anayejua mukimo wa Kenya hatashangaa. Weka majani mengi karibu sawa na viazi, pondea na maziwa ya moto, siagi kijiko kimoja juu mwishoni maana ikiwa juu ndo ulimi unaisikia, ukiichanganya ndani utajikuta unaongeza tu. Na ule mkate wao usio na hamira, unaoumuliwa na bekingi soda na mtindi, tafuta wa unga usiokobolewa, siyo ule wa sukari na zabibu.

Unayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, usije siku hiyo ukala kale bakuli zima wakati kawaida huli, vitamini K yake inapunguza nguvu ya dawa, kula kiasi chako cha siku zote. Na mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, viazi vyako vimenye, vikate vidogo, chemsha kwenye maji mengi na uyamwage, na kiasi gani ule muulize anayekutibu kabla ya sikukuu.