Kisukari "kimetulia": maana yake, na kwa nini daktari hasemi umepona

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, jirani na soko la Mbuyuni. Mwaka juzi, mwezi wa nane, alinipigia simu akitoka kliniki. Hata shikamoo sijaimaliza, akanikatiza.

"Marahaba mwanangu. Sikiliza. Nesi kaangalia majibu, kasema sukari imetulia. Sasa imetulia ndiyo imepona? Maana kama imepona, hizi dawa nazimeza za nini?"

Nikamwomba aendelee kuzimeza mpaka nifike. Swali lake halikuwa la kujibiwa barabarani, kwa sababu neno "kutulia" hubeba mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anaweza kujidhuru.

Kwenye mazungumzo ya kila siku, sukari iliyotulia ni ile iliyoshuka hadi kiwango kizuri wakati mgonjwa anaendelea na dawa. Hilo ni jambo jema kabisa, lakini jina lake sahihi ni sukari iliyodhibitiwa. Maana ya pili ndiyo ya kitaalamu. Mwaka 2021 wataalamu wa vyama vya kisukari vya Marekani, Ulaya na Uingereza walikaa wakakubaliana hivi: kisukari cha aina ya pili kimetulia pale HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kinapokuwa chini ya asilimia 6.5, na kikabaki hapo angalau miezi mitatu baada ya mgonjwa kuacha dawa zote za kushusha sukari. Zote, hata vidonge vya metformini.

Mama mdogo kadi yake ilisoma 6.1. Miezi tisa kabla ya hapo, siku alipogundulika, ilisoma 9.4. Ilikuwa kazi kubwa aliyoifanya, lakini metformini alikuwa anaimeza asubuhi na jioni. Kwa hiyo kwa maana ya kitaalamu kisukari chake kilikuwa bado hakijatulia, na wala hakuna aliyeweza kujua kama kingetulia, kwa sababu dawa ilikuwa imesimama katikati.

Hiki kipimo cha HbA1c wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na muda wote huo sukari iliyomo kwenye damu inaigandia kidogo kidogo. Maabara inapima ni sehemu gani ya chembe hizo imeshikwa na sukari, ndipo inapatikana picha ya wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Ndiyo maana huwezi kukidanganya kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki. Chini ya 5.7 ni kawaida, kuanzia 6.5 ni kisukari, na hapo katikati ni eneo la kujihadhari. Mwenye selimundu, upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni amwambie daktari, kwa kuwa kwake namba hiyo inaweza kupotosha.

Sasa sukari inashukaje bila dawa? Hapa inabidi tuanze na jambo linalowachanganya wagonjwa wengi. Mtu anakula saa moja usiku, analala, anaamka hajatia kitu mdomoni, anajipima kwa mashine ya kidole: 10 (hizi ni milimoli kwa lita, si asilimia za HbA1c). Imetoka wapi?

Imetoka kwenye ini. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita kama tano, ina sukari inayokaribia kijiko kimoja tu cha chai. Usiku ini huitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose, na insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoliambia ini lisizidishe. Ini likijaa mafuta, linakuwa zito la kusikia. Insulini inaita, ini linaendelea kumwaga. Mafuta yakizidi huko, yanasambaa hadi kwenye kongosho lenyewe, na zile seli zinazotengeneza insulini zinalegea. Kwa hiyo nyama uzembe tunayoiona tumboni ni ile ya nje tu. Inayoleta shida zaidi imejibanza ndani ya viungo, na kiwango chake hutofautiana: mmoja ana kilo 110 na sukari yake ni safi, mwingine ana kilo 75 na ini lake limeshafurika.

Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, ndiye aliyeifuatilia hoja hii kwa vipimo. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watu 11 waliokula kidogo sana kwa wiki nane. Ndani ya siku saba tu sukari yao ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida, na mafuta kwenye ini yameshuka. Kongosho lilichukua wiki kadhaa kuamka, lakini liliamka. Kisha yeye na Profesa Mike Lean wa Glasgow wakafanya utafiti mkubwa zaidi, watu 306, uliochapishwa mwishoni mwa 2017. Nusu yao waliwekwa kwenye mlo wa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 ya kundi hilo kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86.

Namba hiyo ya mwisho nilimsomea mama mdogo mara mbili. Lakini haki yake ilikuwa kusikia na mengine: wote walikuwa wamegundulika ndani ya miaka sita, hakuna aliyekuwa akichoma insulini, na baada ya miaka miwili ile 46 ilikuwa imeshuka hadi 36, hasa kwa waliorudisha uzito. Aliyekaa na sukari miaka kumi na tano, kongosho lake huenda limechoka kiasi cha kutoamka kabisa. Huyo bado atanufaika kwa kupungua, dawa zitapungua, presha itashuka, lakini asiahidiwe kuacha dawa.

Na kupunguza wanga, njia aliyoifuata mama mdogo, kunaingia wapi? Mlo wa akina Taylor haukulenga wanga peke yake. Ulikuwa mdogo kwa kila kitu, tena supu na vinywaji vya unga wa paketi. Kwa hiyo kinachokituliza kisukari ni mafuta kuondoka kwenye ini na kongosho, na kupunguza wanga ni njia mojawapo ya kufika huko. Kwa maoni yangu ni njia inayotufaa sana huku kwetu, kwa sababu mbili. Wanga ndio unaogeuka sukari kwenye damu moja kwa moja, kwa hiyo ukiupunguza leo, kipimo cha leo jioni kinaonyesha. Pili, sahani yetu imejaa wanga kuliko kitu kingine chochote.

Tuhesabu. Mlo huitwa wa wanga mdogo ukiwa chini ya gramu 130 za wanga kwa siku nzima. Unga wa mahindi, robo tatu ya uzito wake ni wanga. Watu wawili wakisonga robo kilo ya unga wakaumaliza, kila mmoja amekula karibu gramu 95 mlo mmoja tu. Asubuhi alikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili, mchana wali. Hapo soda hatujaigusa, na chupa moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari.

Mama mdogo alipogundulika alifanya wanachofanya wengi: aliacha sukari ya chai, akahamia dona. Sukari ikabaki juu. Alihuzunika kweli, akaona mwili wake umeshindikana. Dona ni bora kuliko sembe, ina pumba na virutubisho vyake, lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe. Ukila mlima wa dona umekula mlima wa wanga. Na ndizi, ambazo sisi wa Kilimanjaro tunaziona kama mboga! Mtori, machalari, kiburu, tumelelewa navyo. Ndizi mbichi haina utamu mdomoni, lakini gramu 300 zilizomenywa, ambazo si bakuli kubwa la mtori, zina karibu gramu 90 za wanga.

Kilichombadilisha ni bakuli dogo la plastiki la bluu, lile la kupimia unga dukani. Aliamua ugali wake, wali wake au ndizi zake zisizidi nusu ya bakuli lile, mara moja kwa siku, mchana. Sehemu iliyobaki ya sahani akaijaza mnafu, mchicha, figiri, nyanya chungu, kabichi, chochote cha majani kilichokuwa rahisi sokoni siku hiyo, pamoja na mayai, dagaa, samaki au kipande cha nyama. Machalari aliyageuza: nyama na bilinganya nyingi, ndizi mbili za kuonja. Parachichi, ambalo kwetu linaoza chini ya mti, likawa chakula chake cha jioni na mboga. Nusu ya parachichi la wastani ina wanga kama gramu 9, na nyingi ya hizo ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Maharage hakuyaacha, alikula kikombe kidogo. Chai ya maziwa ilibaki, bila sukari, na wiki mbili za kwanza aliilalamikia kama msiba.

Watu husema mlo huu ni wa matajiri. Ukiujenga juu ya nyama choma, ndiyo, na figo na moyo navyo vitakuuliza. Mama mdogo aliujenga juu ya mayai, dagaa na majani, na hela ya soda na maandazi ilipobaki mfukoni ilisaidia kununua mayai. Katika miezi tisa alitoka kilo 92 hadi 79.

Hapa naomba msomaji asiruke. Kama unatumia glibenklamaidi au unachoma insulini, usipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wako. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hujala. Ukiukata ugali nusu na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kuporomoka chini ya 4: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kuchanganyika, kuzirai. Likitokea, vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha upime tena baada ya dakika 15. Aliyeshindwa kumeza asilazimishwe kunywa, akimbizwe hospitali. Wanaotumia dawa ambazo majina yake yanaishia na "flozini" nao wana hatari yao, damu kuwa na tindikali, kwa hiyo wasianze peke yao. Dawa za presha pia huenda zikahitaji kupunguzwa. Mjamzito asijaribu bila usimamizi. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja. Ya kwake ni hadithi nyingine kabisa. Vilevile mtu anayekonda bila kujitahidi, huku sukari iko juu, huyo hahitaji kupungua, anahitaji kuchunguzwa upya.

Metformini peke yake haishushi sukari kwa ghafla namna hiyo, ndiyo maana mama mdogo aliweza kuanza salama, na hata hivyo daktari wake alijua tangu siku ya kwanza. Mwezi wa tisa daktari akampunguzia hadi kidonge kimoja, kisha katikati ya mwezi akakisimamisha. Akampa tarehe ya kurudi mwishoni mwa Januari, ili ile miezi mitatu ipite kwa uhakika.

Katikati ya miezi hiyo kuna Desemba. Anayeijua Moshi anajua Desemba maana yake nini. Mabasi yanajaa, wana wa Kibosho na Marangu na Rombo wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, mbuzi wa ndafu anakaa mezani na majani mdomoni, na mbege inazungushwa. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, haina haja ya maelezo. Kukataa kata ya mbege mbele ya kaka zako wakubwa si jambo dogo, na mama mdogo hakukataa zote.

Januari kipimo kilisoma 6.3. Hapo ndipo daktari alipolitumia lile neno kwa maana yake: kimetulia. Na mama mdogo akauliza tena kuhusu kupona. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ule mwelekeo wa mwili haujaondoka. Ini lake likijazwa tena litafanya vilevile, na pengine kongosho litawahi kuchoka. Atapima HbA1c angalau mara moja kila mwaka, macho, figo na miguu vilevile, kwa sababu miaka ambayo sukari ilikuwa juu bila yeye kujua huenda iliacha alama. Wanaouza chupa pale stendi wakisema dawa yao inaponya kisukari moja kwa moja hawamwambii mnunuzi habari hizi.

Kilo zake siku hiyo zilikuwa 82. Tatu zimerudi. Mizani hana nyumbani, lakini futikamba iko shingoni mwake kutwa nzima, kwa hiyo alijipima kiuno palepale kibandani: sentimita 94. Mwezi wa nane ilikuwa 91. Akachukua uzi mwekundu, akaushona kwenye futikamba pale kwenye 91, akaniambia mbege itasubiri Pasaka.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia. Alikuwa anampima mteja suruali, na mteja akamuuliza ule uzi ni wa nini.

"Huo ni wangu, mwanangu," akasema. "Nyoosha mgongo."