Chanjo ya HPV: binti anaipatia wapi?

Ukitaka kujua kama binti wa miaka 12 ameshachanjwa HPV, usianze na msimamo wa mama yake kuhusu chanjo. Uliza kwanza binti huwa wapi Jumanne saa nne asubuhi. Akiwa darasani Uyole au Mafinga, yawezekana sindano ilishamfuata hukohuko. Akiwa nyuma ya ng'ombe bonde la Usangu, au ameshachukuliwa kwenda Dar es Salaam kulea mtoto wa watu, hesabu inabadilika kabisa.

Nimekaa kwenye kazi ya chanjo huku Nyanda za Juu Kusini muda wa kutosha kusema hivi: tunalaumu mno uvumi. Uvumi upo, hasa ule wa kwamba sindano inafunga kizazi, na si kweli. Lakini wengi ninaowakuta hawajachanjwa hawakukataa. Hawakukutana na chanjo.

Kwa ufupi kwa asiyefahamu: karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70. Chanjo inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kabla binti hajaanza kujamiiana. Ndiyo maana tunahangaika na watoto wa miaka 9 hadi 14, si mama zao.

Shule ndiyo mlango mpana kuliko yote. Chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikipishana miezi 6. Kwenye karatasi ilikaa vizuri. Sasa chukua msichana wa darasa la saba aliyechomwa dozi ya kwanza mwezi Mei. Ya pili inamtafuta Novemba, mtihani wa Septemba umeshapita na shule ameshaiaga. Mmoja yuko shambani, mwingine kwa shangazi yake Makambako, mwingine ndiye huyo wa Dar. Dozi ya pili ikawa inapungukiwa watu kila mwaka, na haikuwa siri kwa nini.

Aprili 2024 tukahamia dozi moja, umri ukapanuliwa kuwa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi ilitoka hapahapa nchini: utafiti wa DoRIS, Mwanza, wasichana 930, ulionyesha kwamba kinga ya dozi moja bado inaonekana kwenye damu miaka 2 baadaye kwa karibu wote. Watu husifia dozi moja kwa sababu ya gharama. Mimi naipendea kitu kingine: mtoto wa miaka 9 yuko darasa la tatu au la nne, umri ambao wengi bado wanaonekana kwenye daftari la mahudhurio.

Marekani mambo ni tofauti. Kule chanjo hii, iliyoanza 2006, hutolewa zaidi kwenye ofisi ya daktari, na neno la daktari ndilo linaloamua. Daktari wa watoto kwa kawaida huisisitiza kuliko daktari wa familia, na tofauti hiyo inaonekana kwa watoto wanaowahudumia. Rwanda walipitia shule mwaka 2011 na wakavuka asilimia 90. Sisi tumefuata njia ya Rwanda, na sioni tungeweza kufanya vingine.

Ila shule ina udhaifu wake. Mzazi hayupo, foleni ni ndefu, hakuna wa kuulizwa swali. Mmoja akizirai kwa woga, watatu wanamfuata, na jioni mtaa mzima unasema chanjo imeua. Wakae chini dakika 15 baada ya sindano, hilo peke yake linapunguza kelele nyingi.

Zahanati nayo? Friji ipo, muuguzi yupo, chanjo ni bure. Tatizo ni benchi. Kliniki ya mama na mtoto imejengwa kwa wajawazito na wenye vichanga, na binti wa miaka 13 hataki kuonekana pale, jirani atauliza amefuata nini. Hospitali kubwa za mjini, za serikali na za binafsi, zina kasoro nyingine: binti analetwa na homa au tumbo, anapimwa, anapewa dawa, anaondoka. Chanjo iko jengo la pili na hakuna aliyemuuliza.

Na kuna jambo linaniudhi: binti anafika, anaambiwa arudi siku ya kliniki. Kwa surua naelewa, kichupa kina dozi kadhaa na kikishafunguliwa saa zinahesabiwa. Za HPV tulizozizoea ni kichupa kimoja, mtu mmoja. Hakuna kinachoharibika ukimchoma leo.

Kwa walio nje ya shule kuna huduma ya mkoba, yaani wachanjaji kuwafuata watu vijijini, ambayo masika yakikolea inategemea sana barabara. Wengi wanafikiri adui wa chanjo njiani ni joto. Hii ya HPV ikiganda imekufa, na huku kwetu, kuanzia Kitulo hadi Njombe mwezi Julai, hatari hiyo unaibeba mwenyewe kwenye kibebeo ukiweka barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza.

Mlango ninaoufikiria zaidi ni CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliweka Njombe kwenye asilimia 12.7 ya maambukizi ya VVU kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara 6 ya kupata saratani hii. Kwa binti mwenye VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dozi mbili, tatu ikiwezekana. Sasa fikiria ile foleni ya shuleni: mchanjaji hawezi kumuuliza mtoto hali yake mbele ya wenzake, na hapaswi. Kwa hiyo anapata moja kama wengine, daftari linaandika amekamilisha, na mwenye kuhitaji kinga zaidi ndiye anayebaki na pungufu.

CTC ndiyo inayojua. Inamwona kila anapofuata dawa, inamwona na bibi yake, na Makete mabibi wanaolea wajukuu ni wengi. Bibi, safari ijayo beba kadi ya chanjo aliyopewa shuleni, uliza kama kwa mjukuu wako moja inatosha. Wenzangu wa CTC, msimpe tarehe nyingine. Mshikeni mkono mvuke naye hadi kliniki ya mama na mtoto, achomwe, tarehe iandikwe kwenye faili lake la CTC pia.