Spana ya torki ya bei nafuu: uliza kwanza utafunga nini

Mtu akiniomba ushauri wa spana ya torki, yaani spana inayopima nguvu ya kukazia bolti, ya kutumia nyumbani, hutarajia nimtajie jina la kampuni. Mimi humuuliza: unataka kufunga nini? Kinachoharibu bolti nyingi mikononi mwa mafundi wa nyumbani ni kutumia spana yenye kipimo kisichoendana na kazi. Urahisi wa bei si tatizo kubwa kiasi hicho.

Zitazame kazi zenyewe. Nati za magurudumu kwenye magari mengi madogo hukazwa kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 90 na 140. Plagi yenye uzi (mikato ya skrubu) wa milimita 14, kwenye hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, mara nyingi huishia kwenye Nm 20 hadi 30. Bolti ya kumwagia oili huwa juu ya hapo kidogo. Vile vibolti vya milimita 6 vinavyoshika vifuniko vya injini vinataka kama Nm 10 tu, ambayo ni nguvu ya kifundo cha mkono, wala haihitaji bega. Hizi ni namba za kukupa picha. Namba ya gari lako imo kwenye kitabu chake, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Sasa chukua spana ya mlio, ile inayopiga "tak" bolti ikifika kiwango ulichoweka. Ndani yake kuna springi inayobanwa unapozungusha kipini. Springi hiyo huaminika kuanzia takriban asilimia 20 ya kipimo chake cha juu. Kwa hiyo spana inayofika Nm 200 huanza kazi kwenye 40. Ukiilazimisha kufunga plagi, mlio unakuwa hafifu kiasi kwamba huusikii wala huuhisi mkononi, nawe unaendelea kuvuta ukisubiri. Alumini haisubiri. Uzi unachunika, na kuutengeneza uzi wa hedi ni gharama inayozidi mbali bei ya spana.

Ndiyo maana nasema, kama fedha ni chache, spana mbili za kawaida ni bora kuliko moja ya kifahari. Ya kwanza iwe na kichwa cha nusu inchi na kipimo cha Nm 40 hadi 200. Hiyo itamaliza magurudumu na bolti kubwa za breki. Ya pili iwe na kichwa cha inchi 3/8, ianzie Nm 10 au chini kidogo na kuishia 50 au 60. Kama kazi yako ni kubadilisha tairi tu, nunua ya kwanza na uishie hapo. Usinunue kubwa zaidi ati kwa usalama. Spana ya Nm 300 ni nzito, na hukunyima kipimo cha chini unachokihitaji.

Halafu kuna ile asilimia iliyoandikwa kwenye boksi, inayowasumbua watu bila sababu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu spana za mlio zinazozidi Nm 10 zikosee kwa asilimia 4, juu au chini. Kwenye nati ya Nm 110 hiyo ni kama Nm 4 na ushee. Spana nyingi za bei ya kati zinafika hapo, na kulipa mara tatu ili upate asilimia 2 hakukusaidii kitu kwenye gari la nyumbani.

Sababu yake ni msuguano. Nguvu unayoipima kwa spana si ile inayobana vyuma viwili pamoja. Karibu nusu yake huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na sehemu kubwa ya inayobaki huliwa kwenye nyuzi. Kinachobaki kuivuta bolti, na huo mvuto ndio unaobana, ni kama sehemu moja ya kumi. Paka grisi kwenye stadi za gurudumu, zile bolti zinazovishwa nati, kisha kaza kwa namba ileile ya kitabu: spana itasema 110 kama kawaida, lakini stadi itakuwa imevutwa kupita kiasi. Kutu hufanya kinyume. Namba inafika, nati haijabana. Kosa la namna hiyo huzidi kwa mbali zile asilimia 4. Brashi ya waya na kitambaa kikavu vinaongeza usahihi kuliko spana ya gharama, na ikiwa kitabu hakikusema upake kitu, usipake.

Ipo pia spana ya mshale, yenye fito inayopinda na mshale unaosoma kwenye kibao. Watu huidharau kwa sura yake ya kizamani. Mimi naipenda: haina springi ya kuchoka, na mshale ukitoka kwenye sifuri unaukunja taratibu ukarudi. Ubaya wake ni kwamba lazima uione namba usoni, jambo gumu ukiwa umelala chini ya gari. Za elektroniki ni nzuri, ila kwa bajeti ndogo ningeziacha.

Dukani, zungusha kipini uone kama kinasimama imara kwenye kila alama na kama kufuli yake inashika. Namba ziwe zimechongwa kwenye chuma. Zilizochapwa juu ya rangi hufutika kwa oili. Ikiwa ndani ya boksi kuna cheti cha kupimwa, namba yake ilingane na ile iliyo kwenye spana. Uliza pia kama inapima pande zote mbili, maana nyingi hupima upande wa kukaza tu hata kama racheti inageuka.

Ukifika nyumbani unaweza kuihakiki bila mtambo. Bana kichwa chake cha mraba kwenye jiliwa, spana ikae mlalo, kisha ning'iniza mzigo unaoujua uzito wake katikati ya kipini, upande wa kukaza, ukiuachia polepole. Zidisha kilo kwa 9.81, kisha kwa umbali wa mita kutoka kichwani hadi kwenye kamba. Kilo 25 kwenye sentimita 40 ni Nm 98. Ongeza kama Nm 3 za uzito wa spana yenyewe. Iweke 90: inapaswa kulia. Iweke 112: isilie. Sogeza namba katikati mpaka upate inapobadilika. Kama tofauti ni Nm 10 au zaidi, irudishe dukani.

Katika kutumia, mkono ushike katikati ya kipini, uvute kwa utulivu, na mlio wa kwanza ukisikika uache. Ule mlio wa pili wa "kuhakikisha" unaongeza kukaza. Usiivishe bomba kipinini, wala usiifungulie nati zilizoganda. Kazi hiyo ina fito yake ndefu. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, kwa awamu mbili, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, lakini usipitilize chini ya hapo.

Kuna bolti ambazo spana hii peke yake haizimalizi. Bolti za hedi kwenye injini nyingi za kisasa hukazwa kwa Nm kadhaa, kisha huzungushwa digrii 90 au zaidi bila kujali spana inasoma nini, na mara nyingi haziruhusiwi kurudishwa zikishafunguliwa. Kwa hizo utahitaji kipimo cha digrii, kifaa kidogo kisicho ghali, pamoja na bolti mpya.