Kiama kilishapita: dhana potofu kuhusu riwaya za distopia, watu wa asili na ardhi yao

Katika riwaya ya Moon of the Crusted Snow, simu zinakatika na televisheni zinazimika katika kijiji kimoja cha Waanishinaabe, jamii ya watu wa asili, kaskazini mwa Kanada, na hakuna anayeshtuka. Mawasiliano huko hukatika kila mara. Umeme nao si wa kutegemea. Watu wanaendelea kuchanja kuni na kugawana nyama ya mawindo kwa ajili ya msimu wa baridi, mpaka vijana wawili waliokuwa wakisoma mjini wanarudi mbio na habari kwamba kule kusini mambo yameharibika kabisa.

Waubgeshig Rice, mwenyewe Mwanishinaabe, alikitoa kitabu hicho mwaka 2018. Ndani yake yumo bibi mzee, Aileen, anayemwambia kijana Evan kwamba lugha yao haina neno la mwisho wa dunia. Kwa maelezo yake, dunia yao haiishi leo. Ilikwisha zamani, siku wazungu walipofika kwenye makazi yao ya kwanza na kuwaondoa. Ikaja kwisha tena walipowafuata kaskazini, ikaja kwisha tena watoto walipochukuliwa. Nao bado wapo.

Kwangu mimi, mazungumzo hayo ya Aileen na Evan ndiyo ufunguo wa riwaya zote za distopia, yaani hadithi za jamii zilizoharibika vibaya, na dhana potofu nyingi ninazozisikia zinatokana na kuyapita haraka.

"Distopia ni utabiri wa kesho"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Msomaji anafungua kitabu, anaona mwaka ambao haujafika, anahitimisha kwamba mwandishi anaagua. Lakini hata neno lenyewe halikuanza hivyo. Mwanafalsafa na mbunge John Stuart Mill alipolitumia katika bunge la Uingereza mwaka 1868, alikuwa akiwashutumu watetezi wa sera ya serikali kuhusu Ireland. Mambo hayo yalikuwa yakitendeka wakati huohuo, katika nchi iliyotawaliwa na wengine.

Chukua The Marrow Thieves ya Cherie Dimaline, mwandishi wa jamii ya Métis, watu wa asili wa Kanada, iliyotoka mwaka 2017. Tabianchi imevurugika, maziwa makuu yametiwa sumu, na watu wamepoteza uwezo wa kuota ndoto. Wanaoendelea kuota ni watu wa asili peke yao. Basi serikali inaanza kuwawinda, inawapeleka kwenye majengo yanayoitwa shule, na huko inawakamua uboho kutoka mifupani ili wengine wapate kuota tena.

Msomaji asiyeijua Kanada atasema huyu mama ana mawazo makali. Anayeijua atatetemeka. Kuanzia karne ya 19 hadi miaka ya 1990, serikali ya Kanada pamoja na makanisa ziliendesha shule za bweni zilizopitiwa na watoto wa asili wapatao 150,000. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya, wakachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Maelfu hawakurudi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilipomaliza kazi yake mwaka 2015 iliuita mfumo huo mauaji ya kimbari ya kitamaduni. Ukiweka kitabu na historia mezani, utaona kwamba Dimaline hakubuni shule, hakubuni wakamataji, hakubuni watoto waliojificha msituni. Alichoongeza ni uboho.

Na tazama alivyowaumba wahusika wake vijana. Wako mbioni, wana njaa, wanalala porini, lakini kinachowatia wivu ni neno. Bibi mmoja, Minerva, ndiye anayeijua lugha, na msichana Rose anapopata kukaa naye na kuokota maneno mawili matatu, kijana Frenchie anaumia rohoni kwa sababu yeye hana. Hebu fikiria umri wa miaka kumi na kitu, na kitu unachomwonea mwenzako wivu ni neno la lugha yako mwenyewe! Baadaye Minerva anakamatwa na kufungwa kwenye mashine, naye anaimba kwa lugha hiyohiyo mpaka mitambo inaungua. Shule za kweli zilitaka lugha ife, kwa hiyo mwandishi ameiweka lugha kuwa ndiyo inayoiangusha shule.

Claire G. Coleman wa Wanoongar, jamii ya watu wa asili wa Australia, alifanya jambo la karibu na hilo mwaka huohuo wa 2017 katika Terra Nullius. Nitafichua siri ya kitabu hapa, kwa hiyo ambaye hajakisoma aruke aya hii. Kurasa nyingi za mwanzo zinasomeka kama riwaya ya kihistoria: mtumishi mzawa anatoroka shamba la mlowezi, askari wa farasi wanamfuata, mtawa mkali anasimamia kituo cha watoto walionyang'anywa wazazi. Halafu unagundua kwamba walowezi wametoka sayari nyingine, na "wazawa" ni wanadamu wote, pamoja na wazungu. Nilipofika hapo nilirudi ukurasa wa kwanza kutafuta mahali nilipodanganywa. Sikupapata. Mwandishi alikuwa amesema "Wazawa" na "Walowezi" tu, na rangi nilijijazia mwenyewe.

Jina la kitabu ni la kisheria: ardhi isiyo ya mtu. Kwa dhana hiyo Uingereza ilijitwalia Australia, na ilidumu mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoitupa katika kesi ya Mabo, ambayo wenyeji walidai haki ya ardhi yao, Juni 1992.

"Anayeukosoa ukoloni amewatetea wenyeji"

Hapana, na mfano wangu ni mtu ninayemheshimu sana. H. G. Wells, mwanzoni kabisa mwa The War of the Worlds ya mwaka 1898, anawaambia Waingereza wenzake wasiwahukumu wavamizi kutoka Mars haraka, wakumbuke kwanza walichowatenda watu wa asili wa Tasmania, kisiwa cha Australia. Kwa wakati wake hilo lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini katika sentensi hiyohiyo anasema Watasmania walifutwa kabisa ndani ya miaka hamsini.

Hawakufutwa. Waliuawa kwa wingi wa kutisha, na mwanamke wa jamii hiyo, Truganini, alipofariki mwaka 1876 watawala walitangaza kwamba ndiye wa mwisho. Vizazi vyao wako Tasmania hadi leo, na tangu miaka ya 1990 wanaifufua lugha yao kwa jina la palawa kani, wakiijenga upya kutokana na maneno yaliyonusurika katika maandishi ya zamani na vinywani mwa wazee. Sasa fikiri mtoto wa jamii hiyo anakifungua kitabu mashuhuri duniani na kusoma kwamba yeye hayupo. Kumtangaza mtu kuwa ametoweka ni njia mojawapo ya kumnyima ardhi, kwa sababu aliyetoweka hadai chochote.

Brave New World ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932, ina kasoro ya jamaa hiyo. Ndani yake imo hifadhi ya wenyeji huko New Mexico, yenye uzio wa umeme, na watalii wanaletwa kutazama. Picha ya uzio ni kali na ya haki. Ila anayepewa sauti ya kuuhukumu ustaarabu ulio nje ya uzio ni John, ambaye mama yake alitoka upande wa pili wa uzio. Wenyeji wenyewe wanacheza ngoma nyuma yake kama pazia la jukwaa.

"Mazingira yakiharibika, tunaharibikiwa sote sawasawa"

Filamu nyingi za maangamizi zimejengwa juu ya wazo hili. Mawimbi yanapanda, majumba yanaanguka, binadamu wote ni kitu kimoja. Waandishi wa asili hawaandiki hivyo, kwa sababu wameona sumu ikichagua mahali pa kumwagwa.

Kati ya mwaka 1962 na 1970, kiwanda cha karatasi katika mji wa Dryden, Ontario, kilimwaga kilo zipatazo 9,000 za zebaki katika mto Wabigoon. Maji yale hushuka mpaka Grassy Narrows, jamii ya Waanishinaabe iliyoishi kwa samaki: waliwala, waliwauza, na waliwaongoza wageni waliokuja kuvua. Zebaki haiui mto kwa siku moja. Vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa aina inayoingia katika miili ya viumbe, samaki mdogo akaibeba, mkubwa akamla mdogo, na kwa mlaji wa mwisho ikawa imerundikana. Watu walianza kutetemeka mikono, kuona kwa upenyo mwembamba, kuyumba wakitembea. Uvuvi ulipozuiwa, kazi na chakula viliondoka pamoja. Kizazi kilichozaliwa baada ya bomba la kiwanda kufungwa bado kinadai haki yake.

Baada ya kulijua hilo, mtu hawezi tena kusoma kuhusu maziwa yaliyotiwa sumu katika kitabu cha Dimaline akayaona mandhari ya kubuni. Na anapofika kwenye The Swan Book ya Alexis Wright, ya mwaka 2013, ambako Waaborijini, watu wa asili wa Australia, wanaishi chini ya ulinzi wa jeshi kando ya bwawa lililojaa mabaki ya meli huku dunia nzima ikihangaishwa na tabianchi, atakumbuka kwamba mwaka 2007 serikali ya Australia ilituma askari kweli katika jamii za wenyeji za Northern Territory, kaskazini mwa nchi hiyo. Kwa waandishi hawa, kuchukua ardhi na kuchafua ardhi ni shtaka moja. Walioondolewa kwanza ni wale waliokuwa na sababu ya kukataa.

"Watu wa asili huzaliwa wakijua kulinda maumbile"

Dhana hii inajifanya sifa, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Katika hadithi dhaifu, mzee wa asili anatokea, anaongea na mti, anamwokoa shujaa mgeni, kisha anakufa. Ukweli ni kwamba kinachoitwa silika ni elimu na kazi. Huko Arnhem Land, Australia, wenyeji huchoma nyasi mapema mwanzoni mwa kiangazi, moto mdogo wa viraka viraka, ili baadaye moto mkubwa ukose cha kula. Kujua siku gani, upepo gani na nyasi gani hufundishwa, hukosewa, hurekebishwa. Ukivunja mnyororo wa kufundishana kwa kuwapeleka watoto bweni, elimu hiyo inakatika kama elimu nyingine yoyote. Ndiyo maana riwaya nzuri za aina hii zinajaa mafunzo: namna ya kutega, ya kukausha nyama, ya kusoma theluji.

"Hadithi hizi ni za kukatisha tamaa"

Hapa narudi kwa Rice. Mwishoni mwa kitabu, baada ya majira magumu na mazishi mengi, familia ya Evan inaondoka kijijini na kuingia msituni kuanza maisha mapya. Niliyezungumza naye kuhusu mwisho huo aliuona wa huzuni: watu wanaacha nyumba zao. Lakini nyumba hizo zilikuwa kwenye ardhi waliyosukumiwa na serikali baada ya kunyang'anywa makazi yao kule kusini.