Koti la balozi wa zamani: yanayosemwa na yalivyo

Wanasema: ni sare ya jeshi.
Koti la buluu iliyokolea, kola ya mahameli nyeusi, zari kifuani, upanga kiunoni: anayeliona mnadani mara ya kwanza hudhani lilikuwa la jenerali. La hasha. Mabalozi wa Uingereza wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walivaa sare hii ya kiraia kwenye hafla za kifalme, na upanga wake mwembamba ni pambo tu. Darizi ya majani ya mwaloni ilifuata cheo. Balozi alijaa zari kifuani, wa chini yake akapata kidogo. Makonseli, yaani maofisa wa ubalozi mdogo, walikuwa na darizi ya nyuzi za fedha, kwa hiyo koti la namna hiyo likiuzwa kwa jina la balozi, uliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Wanasema: zari ni dhahabu tupu, ing'arishe bei ipande.
Hili ndilo linaloniuma, maana limeharibu makoti mengi. Zari hiyo kwa kawaida ni fedha iliyopakwa dhahabu na kuzungushwa juu ya uzi wa hariri. Fedha ikikutana na salfa iliyo hewani huwa nyeusi, na weusi huo si dalili ya bandia. Ukiisugua kwa dawa ya vyuma, dhahabu hutoka, unga wa dawa hubaki katikati ya nyuzi, na hasara hiyo hairudishwi. Liache lilivyo. Lilaze juu ya karatasi isiyo na asidi, pakavu na penye giza, ulikague mara kwa mara, kwani nondo hupenda sufu.

Tena mkusanyaji makini haanzii kwenye zari. Hugeuza koti, akatafuta ndani ya mfuko kitambaa kidogo cha fundi, ambacho mara nyingine kina jina la mteja na tarehe kwa wino. Jina hilo likilingana na lililoandikwa kwenye kasha la bati la kofia ya sare hiyo, anaweza kumfuatilia mwenyewe katika orodha za kila mwaka za maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Vifungo navyo husema: taji la enzi ya Elizabeth II kwenye koti linalodaiwa kuwa la 1910 maana yake vifungo vimebadilishwa. Seti iliyotenganishwa, koti huku na kofia kule, imepoteza nusu ya historia yake.

Wanasema: siku hizi hakuna anayevaa sare za kidiplomasia.
Wapo. Wanadiplomasia wa Uhispania bado wana sare yao.

Wanasema: mabalozi wote walivaa hivyo.
Mwaka 1853 waziri wa mambo ya nje wa Marekani William Marcy aliwashauri wajumbe wake wavae nguo za kawaida za raia. James Buchanan, mjumbe wao London, akaongeza upanga kwenye suti yake nyeusi ili asidhaniwe kuwa mtumishi wa ikulu. Mwaka 1867 Bunge la Marekani lilikataza sare ambazo halikuziidhinisha.

Na mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Seyyid Said wa Zanzibar, alifika New York kwa merikebu Sultana. Mchoraji Edward Mooney alimchora akiwa na kilemba chake. Hayo nayo ni mavazi ya kidiplomasia, na kwangu mimi ni mazuri kuliko koti lolote la London.