Je, wajua kwa nini TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, "imetabiri", lakini mvua isiponyesha "wametudanganya"?

Asubuhi, kituo cha daladala. Mawingu yametanda, jamaa mmoja kabeba mwavuli na mwenzake anamcheka. "Usicheke, TMA imesema leo mvua kubwa," anajitetea. Saa kumi jioni jua bado linachoma, na ni yeye huyo huyo anayelalamika: "Hawa watu wa hali ya hewa wametudanganya." Asubuhi taasisi ilikuwa na i-, jioni imepewa wa-. Imekuwaje?

Jina lenyewe halikupi jibu. Kitabu kimeanguka, mti umeanguka: nomino za Kiswahili huja na ngeli zao, kitenzi kikafuata. Lakini T, M na A hazina kiambishi hata kimoja cha kushika. Tena si herufi za Kiswahili. Zimetokana na jina la Kiingereza, Tanzania Meteorological Authority. Kifupi cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kingekuwa MHHT, na sijui ni mtangazaji gani angeweza kukitamka bila kikohozi. Hiyo A nayo ina kisa chake. Taasisi ilipoanzishwa mwaka 1999, A ilikuwa ya Agency, yaani wakala. Sheria ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Authority, mamlaka kamili. Kifupi hakikubadilika hata herufi, na Kiswahili, ambacho kilikuwa kimeshazoea kuiita mamlaka, hakikuwa na cha kurekebisha.

Sasa i- ya "imesema" inatoka wapi? Wengi watakwambia inatoka kwenye neno mamlaka lililojificha nyuma ya herufi: mamlaka imesema, kwa hiyo TMA imesema. Ni kweli, ila si kweli yote. Chukua Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lenye makao yake Geneva, ambalo kifupi chake ni WMO. Shirika ni la ngeli ya LI-YA, na mwandishi makini ataandika "Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema". Aya mbili baadaye, jina refu likishaachwa, utakuta "WMO imeongeza kuwa". Shirika limeyeyuka, li- nayo ikaondoka. Wapo wanaoshikilia "WMO limeongeza", nami siwalaumu, maana wanaendelea kulisikia neno shirika masikioni. Wengine wote wameliweka jina kwenye ngeli ya I-ZI, ambayo kwa Kiswahili ni kama ghala la kila jina lisilo na kwao: redio imezimika, kompyuta imegoma, WMO imeonya.

Mashabiki wa soka wanalijua hili bila kufundishwa. Simba ameonekana karibu na boma, kimbia. Simba imefungwa, basi Yanga wanashangilia. Neno ni moja. Mnyama kapewa a-, klabu ikapewa i-. Na angalia hapo hapo Yanga nimewapa wa-, bila hata kukusudia, kwa sababu wanaoshangilia ni watu.

Hapo ndipo jibu la yule jamaa wa mwavuli lilipo. Tukiitaja taasisi kama chanzo cha taarifa, tunasema imetabiri, imetangaza, imetoa. Tukitaka mtu wa kumsuta, taasisi haitoshi. Huwezi kugombana na jengo. Tunavunja ukuta, tunawatoa waliomo ndani, na wa- inaingia: wamekosea, wametudanganya, au siku wakipatia, "leo wamelenga". Mtaani jambo hili huenda mbali zaidi. Utasikia "hali ya hewa wamesema itanyesha". Hali ni ya I-ZI, hewa ni ya I-ZI, hakuna nomino ya watu popote katika sentensi hiyo, na bado kila msikilizaji anaelewa ni nani waliosema. Mwalimu wa sarufi ataweka alama nyekundu. Mimi naona ni sentensi iliyokamilika.

Neno mamlaka nalo si tulivu. Likiwa na maana ya nguvu au madaraka, wengi hulipeleka kwenye YA: "mamlaka hayo yote kayapata wapi?" Likiwa taasisi, linarudi kwenye I: "mamlaka hiyo imetoa taarifa". Vichwa vya habari vinaukwepa mgogoro huu kwa ujanja. "TMA yatoa tahadhari ya upepo mkali": hiyo ya- ni i- iliyokutana na -a- ya wakati, lakini ngeli ya YA nayo ingetoa umbo hilo hilo. Mhariri mwingine huandika "TMA: Mvua kubwa kunyesha siku tatu", na hapo kitenzi hakina ngeli kabisa.

Kenya wamechukua njia nyingine. Taasisi yao huitwa kwenye habari Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Idara haina utata: idara imeonya, basi. Utata wao umo kwenye utabiri. Kutabiri kumetoka kwenye Kiarabu, kwenye kufasiri ndoto, na mpaka leo mtabiri ni pia yule anayekusomea nyota. Pengine ndiyo maana taarifa rasmi hupenda kuukwepa mzizi huo: "mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani." Katika sentensi kama hiyo mtabiri hayupo. Mvua zenyewe zinatarajiwa, kana kwamba hakuna aliyezitarajia.

Ukitumia jina la TMA, chunga pia kitenzi na kijalizo chake. "Imetoa angalizo" na "imetoa tahadhari" si kitu kimoja. Kwenye taarifa zake angalizo ni hatua ya chini, tahadhari iko juu yake, na tahadhari kubwa ndiyo ya mwisho. TMA ikiwa imetoa angalizo tu, anayeandika "TMA yatoa tahadhari kubwa" kwa sababu inasikika vizuri amepandisha hatari ngazi mbili kwa maneno mawili.

Vimbunga navyo vina majina, na mengi ya majina hayo ni ya watu. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, taarifa zilisema kimbunga kimepungua nguvu, ki- ikikaa mahali pake. Liondoe neno kimbunga, libaki jina peke yake, kisha jaribu kusema "Hidaya kimepita". Ulimi unasita. Unataka kusema amepita.