Ngumi za ridhaa: usalama wa bondia umo kwenye kitabu chake

Wazazi wanaoniona nimekaa na begi la dawa pembeni ya ulingo huniuliza swali moja karibu kila mashindano: daktari, mbona siku hizi wanapigana bila kinga ya kichwa? Swali ni la haki kabisa. Walizoea kuziona. Kwenye Olimpiki zilianza kuvaliwa Los Angeles mwaka 1984, na mwaka 2013 shirikisho la kimataifa la wakati huo, AIBA, likawavua wanaume wakubwa. Rio 2016 wanaume wakapanda ulingoni vichwa wazi, wanawake wakaendelea kuzivaa.

Kinga ya kichwa inafanya kazi yake, lakini kazi hiyo siyo ile ambayo wengi wanaidhania. Inapunguza kuchanika kwa nyusi, inakinga masikio, inasaidia vichwa vinapogongana. Ubongo ni habari nyingine. Umekaa ndani ya fuvu ukielea kwenye maji. Konde la pembeni likitua kidevuni, kichwa kinazunguka ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unachelewa kufuata. Mishipa midogo ya damu iliyoko kati ya ubongo na utando wake inavutika. Ikikatika, damu hujikusanya kidogo kidogo, wakati mwingine bondia akiwa bado anatembea na kuongea vizuri. Sponji na ngozi haviwezi kuzuia mzunguko huo. Mimi nasema watoto wavalishwe, tena kinga inayowakaa vizuri isiyowaziba macho. Ila mzazi asilale usingizi kwa sababu mwanawe amevaa.

Akitaka kujua mwanawe yuko salama kiasi gani, aombe kuona kitabu chake.

Kila bondia wa ridhaa anatakiwa awe na kitabu chenye picha yake, majibu ya vipimo vya afya na rekodi ya kila pambano: tarehe, mpinzani, matokeo, na jinsi pambano lilivyoisha. Hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta mimi. Kushindwa kwa pointi hakunishtui. Nikiona KO, yaani aliangushwa akashindwa kuendelea, au refa amesimamisha pambano kwa sababu ya makonde ya kichwani, nahesabu siku. Kwa kanuni za kitabibu za AIBA, ambazo wengi wetu tulifundishiwa, aliyepoteza pambano namna hiyo bila kuzimia anapumzishwa siku 30 angalau. Akizimia chini ya dakika moja, siku 90. Zaidi ya dakika moja, siku 180. Ikimtokea mara ya pili ndani ya miezi mitatu, hata bila kuzimia, ni siku 90. Mara tatu ndani ya miezi 12, anakaa nje mwaka mzima. Na kupumzika maana yake ni kupumzika. Haruhusiwi hata kupigana mazoezini na mwenzake, na siku zikiisha harudi mpaka daktari ampime na kumwandikia.

Sababu ya ukali huu ni kwamba ubongo uliotikiswa haujulikani kwa macho. Kijana anaamka asubuhi, anakula chai na chapati, anasema yuko fiti. Ndani bado haujatulia. Konde la pili katika kipindi hicho, hata liwe jepesi kuliko lile la kwanza, linaweza kuufanya ubongo uvimbe kwa kasi ambayo hospitali yoyote itahangaika nayo.

Hapa kwetu Tanzania kitabu kina tundu kubwa. Ngumi za ridhaa ziko chini ya shirikisho lake, BFT. Za kulipwa zina kamisheni yake. Halafu kuna mapambano ya mtaani ya sikukuu ambayo hayaandikwi popote. Kijana anaangushwa Jumamosi uwanja wa shule, wiki inayofuata anakuja kwenye mashindano ya mkoa na kitabu kisichosema chochote. Kocha anajua, wenzake wa kambini wanajua, daktari ndiye hajui. Mapumziko haya yanamhusu hata aliyeangushwa mazoezini, na kocha ndiye mwenye wajibu wa kutoa taarifa. Makocha wangu, nawaheshimu sana, mnalea vijana ambao wengine hawana mtu mwingine wa kuwalea. Lakini mnaponyamaza hapa mnaniacha nipime afya ya mtu nisiyemjua.

Asubuhi ya mashindano ndipo kazi yangu kubwa inapofanyika. Ngumi za ridhaa zinaenda siku kadhaa mfululizo, na aliyeshinda leo anaweza kurudi ulingoni kesho, kwa hiyo bondia anapimwa kila siku anayopigana, kabla ya kupanda mizani. Namulika jicho moja kisha la pili, natazama kama mboni zinasinyaa sawasawa. Nabonyeza taya, kisha vifundo vya vidole kimoja kimoja. Mkono uliovunjika huwa unafichwa, kwa hiyo naangalia uso wake ninapobonyeza, wala simsubiri aseme. Namwambia afumbe macho, asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Anayeyumba namkalisha pembeni. Halafu naongea naye mambo ya kawaida: jana umepigana na nani, raundi ya pili ilikuwaje, umekula nini usiku. Mwenye kichwa kizito hujikanyaga kwenye maswali haya mepesi, hata kama ameapa kwamba haumwi.

Midomo iliyopauka nayo inanipa wasiwasi. Kwenye ngumi za kulipwa uzito hupimwa siku moja kabla; kwenye ridhaa ni asubuhi ileile. Bado kuna vijana wanaojifunga nailoni na kukimbia kwenye jua la Dar ili watoe kilo mbili za maji, kisha wanapanda ulingoni saa chache baadaye. Mtu aliyekauka anachoka mapema, mikono inashuka, kichwa kinabaki wazi. Ni heri apande uzito wa juu yake na apoteze kwa pointi.

Vifaa nitavipitia haraka. Bandeji ziwe laini na zisifungwe kama plasta ya mfupa. Glovu ni aunsi 10 kwa uzito mwepesi na 12 kwa mzito, na zikaguliwe kama sponji haijasukumwa ikaacha vifundo. Kinga ya meno isiwe nyekundu, maana refa anatakiwa aione damu ya mdomoni mapema. Chini ya turubai pawe na tabaka laini, kwa sababu kisogo kinachogonga mbao kinaumia kuliko kidevu kilichopigwa.

Pambano likianza, mlinzi wa kwanza wa bondia ni refa. Anayeangushwa anahesabiwa mpaka nane hata akiamka kwenye mbili, na refa anaweza kumhesabia aliyesimama bado kama amemwona macho yake hayashiki. Akihesabiwa mara tatu katika raundi moja, pambano limekwisha. Mashabiki hupiga kelele kwamba wamedhulumiwa. Waache wapige. Na bondia akizimia, ulingoni wanabaki refa na daktari tu. Asije mtu kumnyanyua, kumwagia maji wala kumkalisha kwenye kiti. Shingo inaweza kuwa imeumia.

Msiniambie bondia mzuri hayampati haya. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 alifariki kwa jeraha la kichwa baada ya pambano la kulipwa Las Vegas. Rashed Al-Swaisat wa Jordan alianguka Aprili 2021 kwenye mashindano ya dunia ya vijana huko Kielce, Poland, akafanyiwa upasuaji na siku chache baadaye akafariki. Hayo yalikuwa mashindano ya dunia, yenye madaktari, na hospitali ya upasuaji ikafikiwa. Kwa hiyo nikifika uwanjani nikaambiwa gari la wagonjwa liko njiani, kengele hailii mpaka nilione na dereva wake, mashine ya oksijeni ikiwa na gesi, na hospitali yenye kipimo cha CT, kile kinachopiga picha ya ndani ya kichwa, ikiwa imeshaambiwa. Kuna mwandaaji aliwahi kunikasirikia kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ameshakaa. Tulimsubirisha mgeni rasmi.

Jioni, yeyote aliyepigwa sana kichwani simruhusu alale peke yake, hata kama ameshinda. Namtafuta anayelala naye chumba kimoja, awe kaka, mke au mwenzake wa kambini, nampa namba yangu na kumwelekeza: mwamshe baada ya saa mbili mbili, muulize jina lake na yuko wapi. Asinywe pombe wala asimeze dawa za usingizi. Kichwa kikizidi kumuuma, akitapika, maneno yakipotea, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au ukimwamsha asiamke vizuri, usingoje kukuche na usinipigie mimi kwanza. Mpeleke hospitali, utanipigia mkiwa njiani.